Nyumba ya Marehemu Mama, Tudor Nne

Sikufanya kwa wema, niwaambie mapema.
Walilipa miezi sita taslimu,
na paa la jikoni lavuja tangu mama afe.
Nikatoa funguo. Wakaleta magodoro kumi na mawili,
sufuria moja ya kupikia harusi,
na ratiba, wakaibandika palipokuwa na picha ya mama:
kuamka, kuoga, kusema ukweli, kulala.

Hiyo ya tatu ilinichekesha.
Nyumba ile haijapata kutengewa saa ya ukweli.

Ijumaa barua ikaanza kutembea.
Ilitoka kwa Mwadime, mwenyekiti wa mtaa,
ikapita kwa Bi Barke, ikapanda ghorofani kwa Mama Nekesa,
ikashuka na doa la mchuzi pembeni.
Majina arubaini na moja.
Kwamba watoto wetu. Kwamba usalama. Kwamba bei ya viwanja.
Kwamba hatuna chuki nao, masikini, ni wana wetu hao,
ila wapelekwe mahali penye nafasi.

Wapi? niliuliza mkutanoni.
Miritini, akasema mmoja.
Mwenye shemeji Miritini akasema bora Mazeras,
na wa Mazeras akatupa Mariakani,
hata nikaona tutawafikisha Voi
wakawasimulie ndovu
arosto inavyovunja mifupa.

La pili nilikuwa nalo, likanikwama kooni.
Nilitaka kusema: ile nyumba ya lango la kijani,
ya tatu kutoka kwa kinyozi,
sote twajua kete ni shilingi ngapi pale,
sote twajua pikipiki gani huleta, na saa ngapi.
Miaka tisa.
Haijaandikiwa barua hata ya mstari mmoja.
Mwenyewe alikaa safu ya mbele, kanzu imenyooshwa pasi,
jina lake la saba kwenye orodha.
Ndiye aliyeleta maji ya chupa.
Nikayanywa. Kulikuwa na joto.

Mimi nalala chumba cha uani, ukuta mmoja nao.
Wiki ya kwanza ya mgeni ni kutapika,
ni mtu anayeomba afunguliwe mlango,
kisha aombe asifunguliwe.
Halafu sauti ya mwingine, mwenye siku themanini safi,
akimhesabia gizani:
saa nane na robo. Saa nane na nusu.
Kama mkunga. Bado kidogo. Bado kidogo.

Jina la kumi na tisa ni la Famau, fundi wa mafriji.
Aliliandika kwa herufi kubwa, akalipigia mstari.
Jumatano stima imekatika, niko juu naanua nguo,
nikamwona uchochoroni, mlango wa jikoni,
ameshika bakuli limefunikwa sahani.
Hakubisha. Alikuna mbao kwa ukucha.
Ukatoka mkono mwembamba, kiwiko kimejaa makovu,
ukapokea bakuli,
na baada ya kupokea haukurudi ndani,
na wake Famau haukuteremka.
Stima ikarudi. Akainua uso, akaniona.

Shuka lilikuwa bado bichi. Nikaliacha kambani.

Sasa paa limezibwa, sina tena udhuru wa paa.
Kodi yaisha mwezi wa Shaabani,
na Mwadime amenipigia mara mbili, kwa upole, kama mtu aliyeshika kesi mkononi.
Sijamjibu.
Usiku namfikiria kaka yangu Sefu,
aliyelala kizingitini mwa mlango ule ule, kufuli mbili kwa ndani,
asubuhi hakuamka,
na mama akatwambia: semeni malaria.
Tukasema malaria. Twasema hadi leo.

Juzi nilikwenda kwa mchonga funguo kando ya kinyozi,
nikachonga nakala ya mlango wa jikoni.
Shilingi mia na hamsini.
Iko mfukoni mwa buibui langu.
Famau akiniona, huvuka upande wa pili wa barabara.