Kitovu cha Mbuzi

Nimeipiga picha hamsini na tatu
nikiizunguka sakafuni kama anayetafuta hereni,
mbuzi ya mama, ya kukunia nazi.
Sasa imo ndani ya kioo, Mabela, saa sita za usiku,
kiyoyozi kinakohoa.

Imeingia kichwa chini, miguu juu,
meno yanatazama mahali ambapo ingekuwa dari.
Kazi ni ndogo: kuisimamisha.

Mhimili mwekundu, inainama kama inayorukuu.
Wa kijani, inalala ubavu.
Wa buluu, inageuka taratibu,
mtu aliyeitwa kwa nyuma.

Nikaandika mia na themanini.
Ikaruka.
Haikugeuka, iliondoka,
ikachora tao gizani, ikatua mbali, nje ya ukingo,
nami nikabaki na uwanja wa kijivu
na mistari yake ya miraba.

Asubuhi kazini, Al-Khuwair, nikamwonyesha Muadhi wa Bahla.
Mbuzi gani, akacheka, asiye na mkia?
Shaji wa Kerala hakuuliza.
Alijikunja akakaa juu ya hewa, miguu kando,
akakuna kwa mikono mitupu
mpaka na mimi nikasikia njaa.
Kisha akagusa kitone cha rangi ya chungwa,
kidogo, peke yake, mbali kabisa na mbao:
Kitovu chake hiki hapa. Umekiacha.
Kitu huzunguka kitovu chake,
si tumbo lake.

Cha mama kilizikwa Wete,
chini ya mnazi ambao, tumesikia, umekwisha kukatwa.
Miaka hamsini na kitu yuko huku,
ana kitambulisho, ana daktari wake, ana ugomvi wake na jirani.
Lakini mgeuze kidogo tu,
nyuzi mbili, tatu,
tui la kopo, jina la mtu, mvua ya ghafla juu ya bati la gereji,
hutupwa mbali, tao zima,
nasi tunaita sebuleni: Mama? Mama?

Ipo amri ya kukirudisha kitovu katikati.
Vibonye viwili. Nikavibonyeza.
Ikazunguka papo hapo, tiifu,
kama saa ya dhahabu kwenye kabati la duka.

Mama akaja na miwani yake.
Hiyo si yangu, akasema. Yangu hulia ukiikalia.
Igeuze.
Nikageuza.
Tena. Hapo! Hapo palipopasuka,
alipokaa shangazi yako Thuweba na unene wake, siku ya hitima.
Akaweka kidole juu ya ufa, akavuta,
aione na upande wa pili mwenyewe.
Kioo changu si cha kugusa.
Pakabaki alama, mafuta na unga wa maandazi.

Nimeizungusha mbuzi mara ngapi sijui,
mwekundu, kijani, buluu.
Alama haitoki pale ilipo.
Mama yuko jikoni, anauliza kwa sauti
kama Sibu kesho kutakuwa na nazi,
nazi hasa, za kupasua.