Swali la Kumi na Nne

Swali la kumi na nne kwenye hojaji yetu:
Baada ya kula, unakaa dakika ngapi
kabla ya kunywa chai?
Burulcha alicheka mpaka kitambaa kikamlegea kichwani.
Dakika? Huku chai haingoji chakula, binti.
Chakula ndicho kinachoingoja chai.

Nyumba ya ishirini na saba, juu ya Naryn.
Januari. Theluji imeziba nusu ya dirisha,
samadi kavu inaungua jikoni bila pupa.
Mimi na Kenjebek tumefika kwa farasi
na mizani, fomu, sindano,
na lile sanduku la baridi ambalo huku kazi yake imegeuka:
tunalibeba ili damu isigande ikawa barafu.

Mkamwana, Jildiz, mimba ya miezi minne.
Nilimvuta chini kope la jicho: jeupe,
kama karatasi niliyokuwa nikiandikia.
Tone moja la kidoleni.
Tisa nukta moja.
Ilitakiwa kumi na moja.

Nikaeleza nilivyofundishwa:
chai huyadaka madini ya chuma njiani,
kabla hayajaingia kwenye damu.
Mle nyama, mle maharage, kisha mngoje saa nzima.
Nilisema hayo huku nimeshika kibakuli cha tatu.
Burulcha alinimiminia vidole viwili tu, kisha viwili tena;
ndiyo heshima yao, kidogo kidogo, mgeni asiondoke.
Kibakuli kikijaa mpaka ukingoni, ujue
farasi wako ameshatandikwa.

Aprili tukarudi. Matope hadi magotini.
Vidonge tulivyoacha vimo koponi, vyote;
vilimtapisha.
Swali la kumi na nne: "Papo hapo," akajibu mavyaa,
hata kabla sijamaliza kusoma.
Kidole kingine, tone jingine.
Kumi na moja nukta nne.

Kenjebek akaigonga mashine.
Akabadilisha betri.
Tukarudia: nukta tatu, nukta nne.
Namba haina aibu, husimama pale pale ikutazame,
na wewe ndiye unayetafuta pa kuficha uso.

Burulcha alinifuata zizini, nikifunga mkoba.
Akaongea na shingo ya farasi, si na mimi.
Ni maji. Maji ya moto, maziwa, chumvi kidogo.
Ninamimina kwa birika la pili, yeye mwenyewe hajui.
Lakini wewe andika chai.
Majirani wakisikia nampa mke wa mwanangu maji matupu,
uso wangu nitauweka wapi?

Nyumba moja si ushahidi.
Huenda ni nyama ya kondoo wa masika,
huenda ni mashine, huenda ni Mungu,
na profesa kule Bishkek atanirudishia fomu
akiwa ameizungushia wino mwekundu.
Nikamwambia: mama, humu ndani huna jina.
Tazama. Hakuna Burulcha, hakuna Jildiz.
Kuna ishirini na saba.

Hajui kusoma Kirusi, lakini tarakimu anazijua.
Akaweka kidole juu ya ile saba,
kidole chenye ufa, cheusi kwa masizi,
akakiacha hapo kwa muda
kama mtu anayepima kama ukuta umekauka.
Basi andika, akasema.

Niliandika. Nafasi ya maoni ni mstari mmoja,
nikaenda hadi nyuma ya karatasi:
birika mbili.

Tulipoteremka baridi ilikuwa imerudi,
na kifuniko cha sanduku kilikuwa kimevunjika bawaba.
Nikaitia chupa ya Jildiz ndani ya koti,
chini ya sweta, karibu na ubavu.
Mwanzoni ilikuwa baridi.
Kufika darajani
sikuweza tena kujua ilipokuwa.