Noti Iliyokufa

Davenport, hema la tatu. Mvua imeingia bila kiingilio.
Mzee Leotis Fontenette anashikwa kiwiko hadi kwenye stuli,
pumzi mbili, kisha mkono wa kushoto
unaondoka bila yeye:
chini, juu, chini, juu,
kama mtu anayeruka madimbwi kwa viatu vya harusi.

"Piano ya kukodi hiyo," ananong'ona Delmar, mkulima wa mahindi,
"noti moja ya juu imekufa tangu jana."

Leotis ameshaijua. Anaizunguka,
anaichokoza, anaikaribia, anaiacha.
Mpiga dramu anacheka, brashi zimeganda hewani.

Mwishoni, kwa makusudi,
kidole kimoja, pale pale:

tk.

Na sisi, watu mia mbili tuliolowa,
tukaisikia ikilia.