Tiketi ya Nyumba ya Liwali

Wete, mvua ya vuli imekatika sasa hivi.
Elfu tatu, risiti, viatu mlangoni.
Masoud, mtembeza wageni, atuonesha jambia
limelazwa ndani ya kioo kama mgonjwa.
"Halijapata kuchomolewa kwa hasira," asema.
Wageni wacheka.

Kuta zanuka chokaa mpya.
Bustanini mkilua umezungushiwa kamba,
na kibao: USICHUME.

Bibi yangu Mize alichuma.
Kila alfajiri, kabla umande haujaondoka,
akifunga vikuba vya maharusi wa watu.
Nyumba hii aliijua kwa mlango wa uani.

Namwacha Masoud na tarehe zake.
Kwenye ukingo wa kisima kamba imechimba mfuo,
jiwe limekubali, kidogo kidogo.
Natia kidole.
Kinaenea.

Hapa hawakuweka kibao.