Daftari la Matairi

Kapteni kijana alinipigia simu kutoka kambini:
Mzee Zahor, kikosi kinatimiza miaka hamsini tangu kipewe magari,
tunataka historia, ukurasa mmoja tu, na picha kama zipo.
Nikamwambia njoo Ibra Alhamisi, na usije umeshiba.

Akaja na kalamu inayometa. Nikamtolea daftari la matairi,
jalada limelambwa na mafuta ya breki,
harufu yake bado ya bohari.

Ukurasa wa kwanza hauna gari hata moja.
Una punda arobaini na mmoja, ngamia sita,
na punda mmoja aliyeandikwa kwa jina, Bibi Harusi,
aliyegoma kubeba sanduku la risasi mpaka afunikwe uso.
Naam, kikosi chenu cha injini kilianza kwa kwato.
Yalipokuja malori, wachunga punda ndio waliofanywa madereva;
kwenye mpando wa Samail ungewasikia
wanalikemea lori, wanalipiga makofi ubavuni,
na likifika juu wanalinywesha kabla ya kunywa wao.

Mimi nilikuwa mgeni, pasi yangu haijakauka wino.
Kiarabu changu cha chuoni, kila neno na irabu zake:
nikiomba chumvi wanadhani naanza hitima.
Wakanipa daftari, kwa kuwa hesabu haina lafudhi.

Kisha Dhofari, na mvua ile isiyonyesha, inayoning'inia.
Mlima ukawa sabuni. Magari yakazama hadi milangoni,
askari wa magari wakashuka, wakasukuma, wakatembea.
Iandike hiyo, afande:
nusu ya safari zetu za gari tulikwenda kwa miguu.

Redioni alikuwa Suleiyum bin Muhana, mtoto wa Wete.
Mkubwa wetu alisema: semeni hicho chenu,
huko juu hakuna anayekijua.
Basi lugha niliyokatazwa mezani kwa ami yangu
ikawa siri ya jeshi.
"Zahor, chapati mbili zimeungua,
na wageni wako ng'ambo ya bonde, wanapiga hodi bila adabu."
"Chapati zinakuja. Funga mlango. Usiwajibu."
Tulicheka, wallahi, huku meno yanagongana.

Sasa fungua hapa, palipokunjwa.
Gari namba kumi na nne. Tairi la mbele, kushoto.
Limetolewa tarehe tisa. Aliyepokea, Murad Bakhsh;
hakujua kuandika, hilo ni dole gumba lake.
Safu ya "limerudishwa" iko tupu.
Bomu lilikuwa chini ya changarawe,
mahali tulipopita jana yake mara mbili.

Bohari ikauliza: tairi liko wapi?
Ikauliza tena. Mara ya tatu kwa wino mwekundu.
Kanuni ilisema dereva akilipoteza, hulilipa.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
naiogopa bohari kuliko mlima.
Nikaandika: akatwe.
Wakakata kwenye stahili ya mjane, kule Barka.

Kapteni hakusema kitu. Wali ukapoa.
Nilidhani ataniuliza majina ya makamanda; ninayo,
yote, kwa mpangilio, na nani alikuwa mkali.
Akalipiga picha lile dole kwa simu yake,
ikatoka na kivuli cha mkono, akapiga tena.
Halafu akafungua kalamu, akauliza lilikuwa bei gani.
Riali kumi na tisa, nikamwambia, na baisa mia tano.
Akaandika. Na baisa pia akaziandika.