Vidole Vitatu

Dada Nakijwa aliniambia nilale chali,
magoti juu, mikono kando,
kisha: "Inua kichwa kidogo, kama unachungulia
nani kapiga hodi."
Nikainua. Akazamisha vidole juu ya kitovu
kama fundi anayepima nafasi ya kifungo.
Na mimi ni fundi, cherehani yangu ipo Ngamiani,
najua kipimo kikikataa
uso wa mpimaji unavyonyamaza.

"Vitatu," akasema. "Misuli imeachana."

Imeachana. Neno hilo kwetu lina karatasi na mashahidi.
Vitatu. Talaka tatu, hakuna rejea.
Nikamuuliza, akacheka hadi kalamu ikamdondoka:
"Hapana, Mama Shufaa. Imetengana tu,
kila mmoja karudi kwao. Tutaisuluhisha."

Mwaka na miezi miwili tangu nimzae Mbaruku,
na muuza mchicha wa Mgandini bado ananiuliza
"Umebakiza mingapi?"
Siku moja nilimjibu: miwili.
Ilikuwa rahisi kuliko kweli.

Hilo la tumbo ningelibeba.
La chini ndilo lililonitoa nyumbani:
chafya, tone. Ndoo ya maji, tone.
Na swala. Nainuka kutoka sijida, udhu umekwenda,
narudi kwenye kata, naanza upya,
mpaka Shufaa akauliza, "Mama, leo unasali ngapi?"
Ana miaka saba. Nikamwambia nyamaza.

Mkaja nilifungwa. Asiseme mtu sikufungwa.
Mama aliukaza siku arobaini, goti lake mgongoni mwangu,
maji ya moto, uji wa pilipili manga.
Dada Nakijwa hakuutukana mkaja.
Alisema, "Huo ulikushika. Sasa jishike mwenyewe."

Vuta pumzi, mbavu zifunguke.
Itoe polepole, kama unapuliza mkaa na hutaki majivu yaruke.
Hapo ndipo ukaze huku chini.
Usibane makalio, usibane meno,
inua kwa ndani.
Hiyo inua sikuielewa wiki nzima.
Nilikaza taya. Nilikaza vidole vya miguu.
Hadi siku moja kazini nikavuta uzi wa marinda,
ule mmoja, taratibu,
kitambaa chote kikajikusanya,
nikasema, ah.
Wateja wawili mbele yangu walikuwa wanabishania bei ya zipu.
Hawakujua fundi yuko wapi.

Usiku nafanyia mkekani, mama kaketi kitandani.
"Ndiyo dawa hiyo? Kupumua?"
"Ndiyo hiyo."
"Na pesa wanachukua?"
Akaguna.

Mama yangu, aliyezaa saba,
asiyepanda baiskeli, na huu ni mji wa baiskeli,
ambaye kwenye shughuli hukaa karibu na mlango,
ambaye ana kipande cha kanga kuukuu
hukifua peke yake, usiku,
na kukianika chini ya kanga nyingine.
Nilikiona tangu mdogo.
Nilidhani ni kitambaa tu.

Wiki ya tisa: kidole kimoja na nusu.
Kilichobaki Dada Nakijwa hakukiahidi.
"Huenda kisiishe," alisema. "Tunataka ikushike, si ipendeze."
Jana nimepiga chafya mbili mfululizo juu ya cherehani,
nikasubiri.
Kukavu.
Ya tatu ikanisaliti, kidogo.

Usiku huohuo mama alizima taa, nikajua halali.
Kisha gizani, sauti ndogo
kama ya mtu anayekuja kukopa chumvi:
"Huyo dada wa Bombo...
anapokea na watu wazima?"

Nikasogea, mkeka ukawa na nafasi.
"Lala chali, mama.
Magoti juu."