Chumba cha Chini

Kazi yangu si kuchezesha vikaragosi.
Kazi yangu ni kuuliza: bei gani, ghorofa ya ngapi,
dirisha linatazama wapi, na je, sanduku litapita mlangoni?
Tuko watu saba na sanduku refu kama kabati lililolazwa;
ndani yake wamelala mfalme, mbuzi wa mfalme,
na shetani mwenye ndevu za katani,
na hao, kuliko sisi, hawavumilii unyevu.

Tulitoka Kaunas na theluji ya Februari mabegani.
Gdańsk nilichagua kwa picha. Kosa.
Pichani mlikuwa na jua, ila jua la mwaka mwingine.
Tulikuta ukuta unaotoka jasho
na mwenye nyumba, Bi Halina, akiupangusa kwa kitambaa
kama paji la uso wa mgonjwa.
Nilikusudia tulale usiku mmoja. Nikalipia wa pili,
kwa kuona haya kumwacha naye.
Shetani akavimba goti.

Brno nilichagua kwa bei.
Rahisi ghali, tunajua sote,
lakini mfuko mtupu haukumbuki methali.
Chini yetu palikuwa na tanuri la mikate. Saa tisa usiku mashine zikaamka,
kuta zikatetemeka meno,
na Gintas akaacha kukoroma, mara ya kwanza tangu nimfahamu.
Alfajiri mwokaji akabisha, mikono myeupe hadi viwikoni:
mikate saba, ya moto, ya kuomba radhi.
Katika daftari langu niliandika: kelele.
Nikafuta.
Nikaandika: mkate.

Sijakwambia habari za Povilas.
Ana miaka sabini na minne na goti linalotabiri mvua.
Kila mji, kabla sijauliza bei, nauliza kwa ajili yake:
kuna chumba cha chini?
Swali hilo nalijua kwa lugha sita.
Katika nne kati ya hizo, sijui hata kuomba maji.
Vienna waliicheka lafudhi yangu, wakatupa stoo ya baiskeli
iliyotiwa kitanda na sinki.
Povilas akaketi ukingoni, akavua kiatu, akatazama huku na huku.
"Danguolė," akasema, "hapa ni ikulu. Hata farasi wapo."

Akatuachia Graz.
Hakuanguka jukwaani, hakukohoa damu, usinisubiri nilie.
Dada yake ana nyumba huko, yenye bustani
na vidaraja viwili tu vya kuingilia.
Alizikusanya nyuzi za mfalme, akazitia mkononi mwa Ugnė,
kidole baada ya kidole,
kisha akakataa kusindikizwa.

Ljubljana tulilowa. Hakuna aliyetuonya.

Na sasa Trieste, saa nne usiku, upepo unasukuma milango kama mdai.
Mapokezi yupo Bi Nives, miwani yake imefungwa uzi,
anahesabu vichwa vyetu kwa ncha ya kalamu.
"Sita?"
"Sita."
Na mdomo wangu, bila kunishauri, ukashika njia yake ya kila siku:
kuna chumba cha chini?

Kipo, akasema. Kinatazama ua. Kuna mlimau kwenye pipa.
Nani hawezi ngazi?
Wenzangu wakatazama viatu vyao.
Ningeweza kusema nimekosea, lugha si yangu.
Nikanyoosha mkono, nikapokea ufunguo.

Sanduku limepita mlangoni bila kuinamishwa.
Nimemtoa mfalme, nimemkalisha kitini kando ya dirisha,
nyuzi zimelegea mapajani mwake.
Ugnė amekuja kumchukua, ameniona, amerudi bila neno.
Katika daftari, mbele ya jina la Trieste, nimeandika:
kikavu. Ngazi, hakuna.